Nyoka Aliyeingia kwa Mlango

Nyumba yangu ya Ilomba ilikuwa ya kwanza upande ule kuezekwa bati, na asiyekubali tukae chini tubishane. Majirani walikuwa bado wanalala chini ya nyasi, mvua ikinyesha wanahamisha vitanda. Mimi nilikuwa na bati, sakafu ya saruji na mlango wa mninga wenye komeo la chuma. Nje ya mlango lilisimama lori langu. Mwenyewe wa kwanza aliliuza likiwa maiti, injini imejaa matope, nikalifufua kwa mikono hii hii iliyoacha shule darasa la pili. Nilitoka Iringa nikiwa tanboi, utingo wa lori la mtu, nimekalia magunia ya watu, sina hata koti la kuzuia baridi ya Makambako. Nikarudi Iringa nimeshika usukani wangu mwenyewe. Watu wa namna hiyo, miaka ile ya hamsini, hawakuwa wengi katika barabara ile.

Nasema haya ili ieleweke kwamba ndoto za nyoka hazikunijia nilipokuwa maskini. Nilipokuwa maskini nililala kama gogo. Zilianza nilipopata bati, lori na mke.

Ndoto yenyewe ilikuwa moja, inarudi. Nimesimama ndani ya nyumba yangu, mchana, mlango uko wazi. Nyoka mweusi, mnene kama mkono wangu, anaingia. Hapiti dirishani wala kwenye ufa, anapita mlangoni kama mtu aliyekaribishwa. Anakata katikati ya sakafu ya saruji, anaelekea chumbani, anajikunja chini ya kitanda, upande anaolala mke wangu. Kisha ananitazama. Haumi, hatemi. Nataka kuinua mguu nimkanyage, mguu hauinuki. Naamka jasho linanitoka, hata kama siku hiyo nimelala kichwani mwa lori na nje kuna baridi ya kupasua midomo.

Mke wangu sikumwambia. Ningeanzaje? Mwanamume haamki akamwambia mkewe kwamba chini ya ubavu wake kuna nyoka.

Nilimtoa milimani Rungwe, kwa Wanyakyusa, wakati nikipakia ndizi upande wa Tukuyu. Mimi Mhehe. Baba zangu wadogo kule Iringa walikuwa wamekwisha kunichagulia binti wa kwetu, tukakorofishana. Baba yangu mzazi alikuwa amekufa siku nyingi. Basi nikaenda kuposa peke yangu, suruali imenyooka, lori nimeliegesha mahali linapoonekana vizuri. Baba wa binti alilitazama lori, akanitazama mimi, akauliza, "Baba yako yuko wapi?"

Nikamwambia nimekuja mwenyewe, mimi ni mtu wa kujitegemea.

"Sisi hatuozi lori," akasema. "Rudi na baba."

Nikatafuta baba. Pale Ilomba kulikuwa na mwashi mmoja, Mnyakyusa, mtu mzima aliyefiwa na mkewe, mrefu, nadhifu, koti lake halikosi kifungo, na ana baiskeli nyeusi ambayo huifuta kila jioni kama watu wanavyofuta sahani. Ndiye aliyenijengea ile nyumba. Nilimwomba asimame badala ya baba yangu. Alifikiri muda mrefu kuliko nilivyotegemea.

"Una hakika ni mimi unayemtaka?" akaniuliza.

"Fundi, ni siku moja tu. Unasema maneno yenu ya kwenu, unakabidhi ng'ombe, tunarudi zetu."

Hakucheka. Alikwenda, akasema, akawaswaga ng'ombe niliowanunua mimi, wakwe wakampokea vizuri, nami nikaoa. Kichwani mwangu kazi yake ikaisha hapo. Nilimwona kama ngazi ya kuazima: bati likishakaa, unairudisha kwa mwenyewe.

Kitu cha kwanza kilichonikera ni kwamba tangu siku ile aliacha kuniita tajiri, kama alivyoniita wakati wa kujenga. Akawa ananiita mwanangu. Hata mbele ya watu. Mimi, mwenye lori.

Cha pili nilikiona nikiwa chini ya lori natengeneza breki. Ilikuwa masika, mahindi yamesimama marefu kuizunguka nyumba. Kutoka pale chini nilikuwa naona miguu tu, ya mke wangu, anatwanga uani. Kwenye kona ikalia kengele ya baiskeli. Mchi ukanyamaza. Miguu ya mke wangu ikageuka, ikaondoka haraka ikaingia mahindini. Kisha yakapita magurudumu ya baiskeli, taratibu mno, kana kwamba mwenye baiskeli anampa mtu nafasi.

"Pole na kazi, mwanangu," ikasema sauti ya mwashi.

Nikaitikia. Magurudumu yakaenda. Baada ya muda miguu ya mke wangu ikarudi, imelowa umande wa mahindi. Nikatoka chini ya lori.

"Ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa."

"Nani amepita?"

"Amepita mtu."

"Mtu gani?"

Akatazama chini. Nikalitaja jina la mwashi, akashtuka kama nimemmwagia maji ya baridi, akaziba mdomo na kuokota mchi. Mtu aliyekuja kukuposa, aliyekunywa maji kwa baba yako, unaambiwa jina lake unaziba mdomo. Nakuuliza wewe unayesoma: ungefikiri nini?

Nikaanza kuangalia. Kila kengele ilipolia, mke wangu alipotea. Mahindi yalipovunwa na pa kujificha hapakuwepo, alikimbilia nyuma ya jiko. Tukikutana na mwashi njiani kwa mbali, mke wangu aliacha njia, akajifunika kanga hadi puani, akageukia vichakani mpaka yule bwana apite. Na mwashi naye alikuwa akitazama upande wa pili, kama mwizi aliyemwona mwenye mali. Siku moja nilimwuliza jirani, mama mmoja mwenye maneno, kama nikiwa safarini kuna mgeni anayefika kwangu.

"Hafiki mtu," akasema. "Ila kengele ikilia mkeo anapotea. Anakopotelea sisi hatukujui, baba. Tuna kazi zetu." Akacheka na ungo wake mkononi.

Hicho kicheko nilikibeba hadi Iringa.

Kule nilikuwa na shangazi yangu, dada wa baba, mama wa kanisa, rozari haimtoki shingoni, na watu walimjia kwa mlango wa nyuma kutafsiriwa ndoto. Nilimkuta anapukuchua maharage uani, upepo unapeperusha maganda.

"Kamwene, mwanangu. Umekonda. Mkeo hapiki?"

"Kamwene, Shangazi. Anapika. Nina ndoto."

Nikamweleza. Hakuacha kupukuchua.

"Wa kijani au mweusi?"

"Mweusi."

"Wa kijani ni kijana. Mweusi ni mtu mzima. Alipita wapi?"

"Mlangoni."

Hapo mikono yake ikasimama. "Nani alifungua?"

"Ulikuwa wazi."

"Mlango haujifungui. Nyoka akipita kwenye ufa ni mwizi wa kawaida, unaziba ufa, yamekwisha. Akipita mlangoni ni mtu uliyemwingiza mwenyewe, ukampa kiti kisicho chake. Ulimpiga?"

"Mguu haukuinuka."

"Basi unamwogopa. Na anajua." Akarudi kwenye maharage. "Mimi sijamtaja mtu. Ila ungeoa hapa, nyoka wako ningemjua hadi ukoo wake."

Nikaondoka na jibu zima. Mtu mzima, niliyemwingiza mwenyewe, niliyempa kiti kisicho chake. Isitoshe, mlango ule aliutia bawaba mwashi kwa mkono wake.

Njiani nilisimama Igawa, kwa mama mmoja wa Kisangu aliyeuza wali na samaki wakavu kando ya barabara. Madereva wote walikula kwake. Aliniona nachezea wali, akauliza nina nini, na mimi, kwa kuwa kichwa kilikuwa kimejaa, nikamwambia, hadi jibu la shangazi.

"Nyoka tena," akasema. "Madereva wote wa hapa mnaota nyoka. Hakuna anayeota breki imekatika kwenye mteremko, na hiyo ndiyo inayoua. Nyoka tu. Wasioota ni wale ambao hawajaoa."

"Kwa hiyo maana yake unaijua."

"Naijua. Mna wake nyumbani na hamjui wao wanaota nini. Umewahi kuuliza?"

"Nimwulize mke wangu?"

"Hapana, mwulize nyoka." Wenzangu wakaangua kicheko. Yeye akapunguza sauti. "Huyo shangazi yako, kwenye posa alikuwepo?"

"Hakuwepo. Ilifanyika bila wao."

"Aa," akasema, akarudi kwenye sufuria yake.

Ile "aa" sikuipenda. Ilinifanya nimshuku hata shangazi. Lakini kengele nilikuwa nimeisikia kwa masikio yangu, na miguu nimeiona kwa macho yangu, kwa hiyo nikaamua kuwaweka wote wawili mbele yangu, chumba kimoja, niwatazame nyuso.

Nilimkaribisha mwashi chakula cha mchana, Jumapili, baada ya kanisa. Akakataa.

"Mwanangu, kwako siingii nyumba ikiwa na mtu."

"Mtu ni mke wangu."

"Ndiyo nasema. Kama ni lazima, nitakaa nje upande wa lori, na chakula uniletee wewe."

Nikawaza, huyu anaogopa kuonekana naye. Nikamwambia sawa, tutafanya unavyotaka. Mke wangu nikamwambia kuna mgeni wangu kutoka Iringa, apike vizuri. Mwashi alipofika nikamwambia nyumba ni tupu, mke amekwenda kwa jirani, aingie akae. Akaingia, kofia mkononi, akakaa kwenye kiti changu. Mimi nikasimama mlangoni nikaita chakula.

Mke wangu aliingia kwa mlango wa uani na sinia kichwani. Akamwona. Sinia likaanguka, mchuzi ukatapakaa kwenye saruji yangu yote. Akavuta kanga akajifunika kichwa kizima, akachuchumaa kwenye kona uso ukutani. Nikauziba ule mlango wa uani kwa mwili wangu, nikamgeukia mwashi. Naye alikwisha kusimama, amenipa mgongo, uso dirishani, kiganja machoni. Watu wawili wazima, kila mmoja amemkimbia mwenzake ndani ya chumba kimoja.

"Sasa nimewaona," nikasema. "Semeni wenyewe."

Mwashi hakugeuka. "Mwanangu, toka mlangoni apite."

"Apite nani? Mtaje."

"Toka mlangoni."

Hakupandisha sauti. Lakini ilikuwa sauti ya mtu anayemwambia mtoto ashuke juu ya paa. Miguu yangu ikatoka mlangoni kabla sijaiamuru. Mke wangu akapita akishika ukuta kama kipofu. Mwashi alisubiri mpaka nyayo ziishe, ndipo akageuka.

"Hukujua," akaniuliza, "au umefanya makusudi?"

"Nijue nini?"

Akanitazama kama anavyotazama ukuta uliopinda. "Kawaulize kwao. Mimi kinywa changu hakiruhusiwi kumzungumzia." Akavaa kofia, akaondoka akikokota baiskeli. Siku hiyo kengele hakuipiga.

Asubuhi yake nilikwenda mjini Mbeya kupakia mahindi. Niliporudi, mke wangu hakuwepo. Alikuwa amechukua nguo zake na mchi aliopewa na mama yake, akapanda gari la Tukuyu. Ule mchi ndio ulionitia baridi, maana mwanamke anayekwenda kusalimia hachukui mchi. Na kwao mwanamke akirudi kwa kosa la mume, wazee wakiona kosa ni kubwa, wanarudisha ng'ombe, na hakuna mke tena.

Nikaendesha lori hadi Rungwe. Mvua inanyesha ile ya kule, isiyo na haraka. Mkwe wangu alinipokea nje, chini ya migomba, wala hakunikaribisha barazani. Nikamwambia yote: kengele, mahindi, jirani, kanga hadi puani. Nikayapanga vizuri, kama mtu aliye barazani kwa chifu. Hata leo nasema ushahidi ule ungemtosha mwanamume yeyote wa Iringa.

Alinisikiliza hadi mwisho.

"Tulikwambia uje na baba," akasema. "Ukaja naye?"

"Nilikuja na yule fundi."

"Hatukupokea fundi. Fundi tungempa matofali. Tulipokea baba. Tangu siku ile ni baba mkwe wa binti yetu. Hamtazami usoni, jina lake halitaji, akisikia anakuja anaacha njia. Kwa watu wetu mwanamke anasifiwa kwa hilo. Na yule mzee, kwa kuwa ana adabu, anapiga kengele mapema ili mtoto apate nafasi ya kuondoka. Wewe ulidhani tumempokea kwa siku moja?"

Heshima hiyo nilikuwa nikiiona kwa wanawake wa Kinyakyusa njiani tangu nikiwa tanboi. Lakini niliiona kama ya watu wenye baba. Haikunipitia kichwani kwamba baba wa kuazima naye anahesabiwa.

Kwa kujitetea nikamtolea na ile ndoto. Hapo akacheka kwa mara ya kwanza.

"Aliingia mchana? Kwa mlango? Na hakukuuma?"

"Hakuniuma."

"Huyo kwetu hatumwiti mgoni. Huyo ni mzee wa nyumba amekuja kutazama. Baba yako mzazi ulimwambia kwamba umeoa?"

"Amekufa."

"Ndiyo maana nauliza."

Nikaomba nimwone mke wangu. Nilijua yuko nyuma ya nyumba, maana nilisikia mchi unatwanga, na mtwango wake naujua.

"Na wewe hatuna mazungumzo," akasema mkwe. "Rudi na baba." Nami, kwa tabia yangu ya kupata njia, nilikwisha kuanza kuwapanga kichwani wazee wengine ninaowafahamu. Akanisoma usoni. "Yule yule," akaongeza.

Nilimkuta mwashi kazini, anapandisha ukuta wa nyumba ya mtu. Nikasimama chini ya jukwaa lake.

"Fundi."

Akaweka tofali, akaligonga kwa mpini wa mwiko.

"Fundi, nina shida."

"Fundi anajenga," akasema. "Shida hapokei."

Nilisimama pale, viatu vyangu vya ngozi vimelowa udongo. Nimefungua nati zilizoshika kutu miaka na miaka, hakuna iliyonisumbua kama neno lile.

"Baba," nikasema.

Akashuka. Akaosha mwiko, akaukausha kwenye suruali. "Una ng'ombe?"

"Nitapata."

"Mmoja, wa kumwosha mtoto macho yaliyoniona. Lori uliache. Utamswaga mwenyewe."

"Baba, ni mbali. Tunaweza kumpakia."

"Lori lilikwenda mara ya kwanza," akasema. "Halikuozwa."

Basi mimi, mwenye bati la kwanza Ilomba, nilimswaga ng'ombe kwa miguu kutoka Mbeya hadi Rungwe, mwashi akitangulia na baiskeli yake. Madereva walionijua walipunguza mwendo kunitazama. "Tajiri, lori limekufa?" "Hapana, limezaa." Nilicheka nao, ningefanya nini. Tulilala njiani kwa jamaa zake mwashi, tukafika.

Maneno yalisemwa na yeye. Mimi nilikaa kimya, jambo ambalo wanaonijua hawataliamini. Hakusema nilimshuku. Alisema, "Mwanangu alikua bila mtu wa kumwambia." Ng'ombe akapokelewa. Mkwe akanitaka niahidi kwamba nikipita Iringa nitakwenda kaburini kumwambia baba kuwa nimeoa, nikaahidi, na nilikwenda. Shangazi sikumpitia siku hiyo. Mke wangu hakutoka, alituma neno kwa mdomo wa mama yake mdogo: atarudi, lakini ndoto nikizipata nimwambie yeye kwanza kabla ya kuzipeleka Iringa.

Tulirudi asubuhi. Mwashi alitangulia mbali na baiskeli yake, kila kona anapiga kengele ili tujue alipo, nasi tukafuata kwa miguu, mke wangu na mchi wake begani.

"Huyo nyoka," akasema mke wangu, "alilala upande gani wa kitanda?"

"Wako."

"Na wewe ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

Akahamisha mchi bega la pili. "Mimi naota wangu. Anatoka kwenye sufuria ya wali, kando ya barabara. Anakuzunguka miguu na wewe unaendelea kula."

Nikasimama. Habari za wali wa Igawa sikuwahi kumsimulia. "Nani amekwambia nakula wali?"

"Huyo mama ni kijana au mtu mzima?"

"Nimekuuliza nani amekwambia."

Kabla hajajibu kengele ikalia mbele yetu, karibu kuliko tulivyotegemea. Mwashi alikuwa amesimama kupumzika nyuma ya kona. Mke wangu akavuta kanga akaacha njia, akaingia kwenye mahindi ya watu, kule yalikuwa bado hayajavunwa. Nikamfuata, nikachuchumaa kando yake kumsubiri baba aende, na nilikuwa bado namtazama kwa pembe ya jicho, yeye naye, kwa upenyo wa kanga, ananitazama mimi.